Tusilolijua Sisi, Wanalilipa Vijana

Haya ni mazungumzo tuliyofanya na vikundi vya kisomo. Tumeyaandika hapa ili na wewe ambaye hukuwepo uyasome, kisha umsomee na jirani yako.

Ndugu wanakisomo, ndugu wazazi, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma,

Leo tumekuja kuzungumza juu ya meno. Tunajua wako watakaosema, "Maafisa hawa wamepanda mlima wote huu kuja kutuambia habari za meno tu?" Ndiyo, ndugu. Tumekuja kwa ajili ya meno. Sisi si waganga wa meno. Sisi ni walimu wa watu wazima. Lakini tumekuja kwa sababu jambo hili ni la elimu kabla halijawa la dawa. Na tusilolijua sisi wakubwa, wanaolilipa ni vijana wetu.

MASWALI MANANE

Hebu tuanze na kijana. Tuseme ana miaka 14. Gego lake limetoboka. Je, linaloumia ni gego peke yake? Hapana.

Wataalamu wana maswali manane wanayowauliza watoto na vijana kuhusu meno yao. Maswali hayo yamekwisha kutumika hapa Tanzania, kwa Kiswahili, kwa watoto wa shule za msingi. Yasikilizeni, kisha kila mmoja amfikirie kijana wa nyumbani kwake.

1. Je, meno yanamzuia kula vizuri?
2. Je, yanamzuia kusema sawasawa?
3. Je, yanamzuia kupiga mswaki?
4. Je, yanamkosesha usingizi?
5. Je, yanamfanya awe na hasira au huzuni?
6. Je, yanamfanya aone haya kucheka?
7. Je, yanamharibia masomo?
8. Je, yanamfanya ajitenge na wenzake?

Mmeona, ndugu? Hakuna hata swali moja linalouliza, "Meno yako ni meupe?" Yote yanauliza juu ya maisha. Kula, kulala, kusoma, kucheka na wenzako. Hayo ndiyo maisha ya kijana. Ukimwondolea hayo umemwachia nini?

Kijana asiyelala usiku kwa jino hawezi kusikiliza mwalimu asubuhi. Mwalimu atasema ni mvivu. Mzazi atasema ana kiburi. Naye hasemi, kwa sababu anajua kitakachofuata ni koleo la kung'olea. Basi ananyamaza. Anatafuna upande mmoja. Anakua hivyo hivyo.

Sasa tutamfuata kijana huyu tangu alipokuwa mchanga. Tutaona katika kila umri kuna jambo ambalo kama mzazi angelijua, kijana asingelilipa.

MTOTO MCHANGA: "MENO YA NAILONI"

Jambo la kwanza ni zito. Tutalisema wazi.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu wako watu wanaoamini kwamba mtoto wa miezi michache akiharisha na kupata homa, ana "meno ya nailoni", au "meno ya plastiki". Wanautazama ufizi wake, wanaona umevimba kidogo penye chonge. Basi wanamwita fundi, naye anachokonoa ufizi na kutoa kitu cheupe, laini. Anawaonyesha, "Haya ndiyo yaliyokuwa yanamwua mtoto."

Ndugu, kile kitu cheupe si ugonjwa. Ni jino la mtoto ambalo bado halijakomaa. Yai likipasuliwa kabla ya wakati wake, ndani utakuta kitu laini. Je, utasema kifaranga ni ugonjwa? Meno ndivyo yalivyo. Huanza laini chini ya ufizi, kisha hukomaa na kutoka.

Kuhara kwa mtoto kunatokana na vijidudu vinavyoingia kwa maji machafu, chakula kichafu na mikono michafu. Homa inaweza kuwa malaria, au ugonjwa mwingine. Siku zile mtoto anapopelekwa kwa fundi ndizo siku za kumpeleka zahanati akapewa maji ya chumvi na sukari yaliyo katika pakiti, vidonge vya zinki, na kupimwa damu. Watoto hufa kwa kucheleweshwa. Wengine hufa kwa kutokwa damu nyingi, au kwa pepopunda, au kwa vijidudu vingine vinavyoingia kwa chombo kichafu.

Na yule asiyekufa? Chini ya chonge la utoto limelala chonge la ukubwani, nalo huweza kujeruhiwa. Miaka 11 au 12 ikifika, chonge halitoki. Au linatoka limepinda, au lina kasoro. Kijana anajiuliza, "Mbona mimi niko hivi?" Hajui kwamba alilipa alipokuwa mchanga.

MTOTO MDOGO: MENO YA KAHAWIA

Jambo la pili ni maji.

Ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga wanalijua jambo hili. Ziko sehemu huko ambako vijana wengi wana meno yenye madoa ya kahawia, mengine yana vishimo. Akienda kusoma mbali, wenzake humcheka. Wanasema, "Huyu hapigi mswaki." Naye anajifunza kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Wako wanaosugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa mkaa uliosagwa. Doa halitoki. Kinachotoka ni jino lenyewe, linalika.

Ukweli ni huu. Madoa hayo si uchafu. Yanatokana na madini yanayoitwa floraidi. Madini haya yamo katika miamba, na maji ya chini ya ardhi huyabeba. Floraidi kidogo huyaimarisha meno. Floraidi ikizidi huyaharibu meno yanapoumbwa. Ni kama chumvi katika mboga. Kiasi ni kitamu, ikizidi huwezi kula. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi floraidi miligramu 1.5 katika lita moja. Huwezi kuiona kwa macho. Lazima maji yapimwe.

Kumbukeni umri. Meno ya ukubwani huumbwa chini ya ufizi tangu mtoto anapozaliwa hadi kama miaka 8, isipokuwa magego ya mwisho kabisa. Hapo ndipo madoa yanapoingia. Kwa hiyo maji ya kuangalia zaidi ni yale anayokunywa mtoto mdogo. Kijana wa miaka 15 akihamia huko na meno yake meupe, maji hayatayageuza rangi meno yale yaliyokwisha kutoka.

Basi tufanye nini? Kuchemsha maji huua vijidudu, na ni jambo jema. Lakini hakuondoi floraidi. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Kwa hiyo anayeweza kukinga maji ya mvua kwa usafi, amwekee mtoto mdogo hayo ya kunywa na ya uji. Tena, magadi yanayotiwa katika maharage na makande huwa na floraidi nyingi katika sehemu hizo. Chakula cha mtoto mdogo kisitiwe magadi. Kiko pia kituo cha serikali cha Ngurdoto, mkoani Arusha, ambacho kimefanya utafiti wa kuondoa floraidi katika maji. Njia moja ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo una utaalamu wake, usijaribu kuuchoma mwenyewe. Lakini kamati ya maji ya kijiji inaweza kumwuliza mhandisi wa maji wa wilaya.

Na wewe kijana mwenye meno ya kahawia, sikia neno letu. Wewe si mchafu. Acha kusugua mchanga. Piga mswaki kama wengine, ucheke kama wengine. Ukifika kwa mganga wa meno, ziko njia za kupunguza doa au kulifunika.

MIAKA SITA: GEGO LINALOKUJA KIMYAKIMYA

Jambo la tatu hatukutana na wazazi wengi wanaolijua.

Mtoto ana meno ya utoto 20. Hayo hung'oka. Mtu mzima ana meno 32. Hayo hayaoti tena. Mpaka hapo twakubaliana.

Sasa, mtoto akifika kama miaka 6, nyuma kabisa ya meno yake ya utoto huota magego manne. Mawili juu, mawili chini. Hayasukumi jino lolote. Hakuna jino linalong'oka ili kuyapisha. Kwa hiyo mzazi hajui kwamba yameota. Akiyaona yameoza, anasema, "Acha, ni ya utoto, yataota mengine." Hayataota! Hayo ni ya ukubwani. Ndiyo atakayotafunia mahindi ya kuchoma akiwa babu.

Ukirudi nyumbani, mwite mtoto wa darasa la kwanza. Mwambie afungue mdomo mkiwa mwangani. Hesabu tangu katikati mbele kwenda nyuma. Jino la sita ndilo hilo. Litunze.

JINO LINAOZAJE?

Wako wanaosema jino hutobolewa na mdudu. Hakuna mdudu anayeonekana kwa macho katika jino. Viko vijidudu vidogo mno, visivyoonekana, vinavyokaa katika utando laini juu ya meno. Ukipitisha ukucha kwenye jino asubuhi, utaukuta utando huo.

Vijidudu hivyo hupenda sukari. Ukila sukari, navyo vinakula. Vikila, vinatoa tindikali, na tindikali inakwangua gamba la jino. Gamba hilo ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata mfupa. Lakini tone la maji huchimba jiwe, sivyo? Kila unapokula kitu kitamu, tindikali hufanya kazi kwa muda. Mate huja kuirekebisha hali. Ukila tena kitu kitamu baada ya muda mfupi, mate hayapati nafasi.

Kwa hiyo linaloharibu zaidi si wingi wa sukari kwa mara moja. Ni kurudiarudia. Pipi asubuhi, soda saa nne, ubuyu wa sukari saa sita, biskuti jioni. Kijana wa bodaboda anashinda na chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu, anamung'unya kidogo kidogo kutwa nzima. Meno yake yanaogeshwa tindikali tangu asubuhi hadi jioni.

Hatusemi msile kitamu maisha yenu. Tunasema kiliwe pamoja na chakula, kisha basi. Katikati kunywa maji.

Halafu fanya hesabu, maana hesabu umejifunza. Uliza dukani bei ya soda moja. Uliza bei ya mswaki na dawa ya meno. Andika soda ambazo kijana wako hunywa kwa mwezi. Zidisha. Linganisha. Jibu lako utalipata wewe mwenyewe.

KUPIGA MSWAKI

Piga mswaki mara mbili kwa siku. Wengi hupiga asubuhi tu. Lakini ule wa usiku, kabla ya kulala, ndio mkubwa zaidi, kwa sababu usingizini mate hupungua. Baada ya hapo usile kitu tena.

Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Mtauliza, "Si mmesema floraidi inaharibu?" Tumesema ikizidi katika kumeza. Ile ya dawa ya meno hupakwa na kutemwa, haimezwi. Mtoto chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Mzazi amshikie mkono, maana mtoto hajui kusugua vizuri mpaka kama miaka 7 au 8. Ukimaliza, tema. Usisukutue kwa maji mengi, utaiosha dawa yote.

Kama huna mswaki wa dukani, mti wa mswaki wa wazee wetu ni mzuri. Tafuna ncha mpaka iwe kama brashi, kisha sugua kila jino, nje na ndani, na penye ufizi. Kasoro ya wengi ni kusugua meno ya mbele tu na kuyasahau magego. Na kila mtu awe na mswaki wake. Usiazimane, hata na mke au mume.

Ufizi ukitoka damu unapopiga mswaki, usiache kupiga. Damu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba utando umekaa hapo. Sugua taratibu kila siku. Ikiendelea, nenda kwa mganga. Na ninyi vijana, sigara na ugoro huharibu fizi, na huleta saratani ya kinywa.

JINO LIKING'OKA MCHEZONI

Vijana wanacheza mpira. Wanaanguka na bodaboda. Jino la mbele linaruka zima. Wengi hulitupa. Msilitupe! Kama ni jino la ukubwani, laweza kupona.

1. Liokote. Shika sehemu nyeupe, usishike mzizi.
2. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi. Usilisugue.
3. Lirudishe mahali pake, ung'ate kitambaa safi. Ukishindwa, liweke katika maziwa ya baridi.
4. Kimbia kwa mganga wa meno. Ukifika ndani ya saa moja, matumaini ni makubwa.

Jino la utoto halirudishwi.

USIPOZIBA UFA

Tuje kwenye koleo, lile linaloogopwa.

Wengi wetu tunajua dawa moja tu ya jino, kung'oa. Na tunakwenda siku ya mwisho, uso umevimba. Kwa nini? Kwa sababu jino likianza kutoboka haliumi. Tundu likiwa dogo halina maumivu. Likiuma, tundu limekaribia kiini, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Basi sisi tunangoja maumivu ndipo tuende, na maumivu yanakuja tumekwisha kuchelewa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jino nalo huzibwa likiwa na ufa. Tena kuna njia ya kuziba bila mashine. Mganga hukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha anatia dawa inayogandamana na jino. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hiyo ya kuzibia, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha ya dawa muhimu kwa nchi zote. Kwa hiyo ni haki yako kuuliza, "Mganga, jino hili haliwezi kuzibwa?" Uliza katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Jino likiuma usiku, usitie maji ya betri wala mafuta ya taa, wala usibandike kidonge juu ya ufizi. Vitu hivyo huunguza. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, meza dawa ya maumivu kwa kipimo chake, na asubuhi nenda. Vidonge vya rangi mbili vya dukani haviponyi tundu. Maumivu yakitulia, jino bado linaoza.

Lakini zikionekana dalili hizi, usingoje asubuhi: shavu au shingo imevimba, homa imepanda, mdomo haufunguki, kumeza au kupumua ni kwa shida. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaua. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

KAZI YA KIKUNDI

Ndugu, mwaka 1973 wazee wetu walikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Walikutana kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu vyao, wakajadiliana. Kisha waliinuka wakachimba vyoo. Hawakungoja wageni waje kuwachimbia. Kusoma kwao kulionekana kwa jembe.

Kusoma kwetu sisi kuonekane vinywani mwa watoto. Kila mwaka tarehe 20 Machi ni siku ya afya ya kinywa duniani. Siku hiyo kikundi kinaweza kumwalika mganga wa meno wa wilaya aje shuleni. Lakini hakuna haja ya kungoja Machi. Usiku wa leo upo.

Jadilianeni maswali haya:

1. Katika kikundi chetu, ni wangapi walikwenda kwa mganga wa meno kabla jino halijauma?
2. Mtoto akiharisha hapa kijijini, jirani atatushauri tufanye nini? Tutamjibuje?
3. Maji tunayokunywa yamewahi kupimwa floraidi? Nani atakwenda kumwuliza mhandisi, na lini?
4. Mle maswali manane ya mwanzo, kijana wetu nyumbani atajibu "ndiyo" mara ngapi?

Swali la nne msilijibu wenyewe. Mwulizeni kijana, tena mkiwa wawili tu, bila kumkaripia. Wengine wamengoja miaka mingi mtu awaulize.